Tonton Zacharie na Visi Nne za Msalaba

Ndugu jamaa, majirani, marafiki, na nyinyi wengine mliokuja kuhakikisha kama kweli amekufa, mtanisamehe mapema, kwa sababu historia hii ya maisha yake nitaisoma vibaya. Mimi Baraka, mtoto wa dada yake marehemu, nimezoea kusimama mbele ya watu waliolipa kiingilio ili wacheke, na leo hamkulipa kitu na mnatakiwa kulia, kwa hiyo pale sauti itakaponikwama mseme ni msiba, msiseme ni mazoea ya jukwaani.

Papa Zacharie Lokangu alizaliwa Opala, kando ya mto Lomami, tarehe 14 Machi 1949, mtoto wa tatu wa papa Basile, mpiga kasia. Alisoma shule ya msingi palepale Opala kuanzia mwaka 1956 hadi 1962, na mwaka 1968 akaja Kisangani kwa mashua ya mizigo, amekaa juu ya magunia ya mchele wa watu wengine, akapokelewa na papa Jafari, fundi saa wa Makiso, aliyemfundisha kazi miaka mitano na neno moja tu: "Usisikilize mwenye kitu, sikiliza kitu."

Mwaka 1974 alifungua meza yake mwenyewe karibu na soko kuu, na huko watu wa mtoni na wa msituni wakaanza kumletea gramafoni za babu zao, zile za kubeba mkononi kama valizi, zisizojua umeme, unazungusha mkono wa pembeni, kamani inajikaza ndani, santuri inazunguka, sindano inaimba. Wengi walitaka ziimbe tu, yeye alitaka kwanza kujua kama ni zenyewe, maana fundi mjanja huchukua sanduku la moja, mashini ya nyingine na kichwa cha sindano cha ya tatu, akapaka rangi, akaapa kwa jina la mama yake. Tonton, yaani mjomba wangu, hakuwa mtu wa kuangalia rangi, alipindua sanduku chini juu, akanusa kitambaa cha ndani kama kina gundi mpya, akapitisha ukucha kwenye ubao akitafuta tundu lililozibwa, na mwisho akakagua visi, hizo skrubu, moja moja, kwa sababu mdanganyifu hukumbuka rangi lakini husahau visi.

Alifunga ndoa na mama Alphonsine, binti wa wavuvi wa Wagenia pale maporomokoni, tarehe 12 Agosti 1978. Ndoa hiyo ilikuwa iwe Januari, lakini siku ya mahari baba mkwe alitoa gramafoni yake katikati ya uwanja ili kuwaheshimu wageni, na bwana harusi wetu, kamba ya mbuzi ikiwa bado mkononi, akapiga goti, akapindua sanduku, akatangaza kwamba mashini ile haikuzaliwa mule. Mzee akamwambia, "Mukwe, tulikuita ulete mbuzi, hatukukuita ufungue sanduku," akamrudisha nyumbani yeye na mbuzi wake. Ilipita miezi saba mpaka mzee alipofungua visi mwenyewe kwa siri, akaona ukweli, akatuma neno: "Bon, arudi, lakini mbuzi sasa iko mbili." Mungu akawapa watoto wanne, wa kwanza Déborah, aliyezaliwa tarehe 3 Juni 1979, wa mwisho Mamie, aliyezaliwa tarehe 20 Oktoba 1988, na wajukuu kumi na mmoja.

Sasa nimefika kwenye ukurasa ambao jana jioni kamati ya mtaa ilituma watu wawili kutuomba tuuruke, kwa heshima ya msiba, na familia imekaa, imeshauriana, imeamua niusome polepole.

Jumamosi tarehe 20 Machi 2021, Kamati ya Kumbukumbu ya mtaa wetu, chini ya uongozi wa papa Emile, mfanyabiashara wa vitu vya zamani, ilimwita marehemu atie sahihi kwenye cheti cha kuthibitisha gramafoni waliyonunua, ambayo walisema mkubwa wa kwanza wa mtaa aliibeba kichwani kutoka Bafwasende mwaka 1931, na wageni wangekuwa wanaletwa moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege wa Bangboka kuja kuiona. Viti vilikuwa vimepangwa, kinywaji kilikuwa kimepoa, na marehemu akapindua sanduku. Alikuta mashini imeinuliwa kwa vipande vya kandambili, akakuta tundu la pili ubavuni, mbali na lile la mkono, limezibwa kwa unga wa mbao na rangi ya viatu, akakuta visi saba, na kati ya hizo nne zina alama ya msalaba kichwani, wakati mwaka 1931 kiwanda kilijua visi za mstari mmoja tu. Akasema, "Papa Emile, sanduku iko ya kweli, mashini iko ya mwingine, mukono iko ya wa tatu. Hii ni watu watatu wasiojuana, muliwafungia ndani ya nyumba moja." Papa Emile akamjibu mbele ya wote, "Muzee, macho yako imekufa, alors usituulie na historia yetu!"

Kuanzia siku hiyo jina lake likawa mzee kipofu, mzee mwongo, meza yake ikakosa wateja, na hata nyumbani mama Alphonsine akamwambia, "Papa Déborah, weka tu sahihi, tupate amani." Akajibu kwamba ataweka, siku zile visi zitakapomtangulia baba yake kuzaliwa.

Mwaka 2023 alianza kuugua sukari, mwaka 2025 mafigo yakachoka, akalazwa, na hata kitandani papa Emile alimfuata na karatasi ya kukana maneno yake. Marehemu akaomba miwani, akaisoma yote, akasahihisha tarehe moja iliyokosewa, akairudisha bila sahihi. Alifariki Jumatatu tarehe 9 Juni 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sabini na sita na neno lilelile.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, hasa yule aliyekubali saa yake ikaguliwe wakati wa kupima presha, majirani waliotuletea viti, maji na pondu ya majani ya muhogo, na mafundi wenzake wa sokoni waliofunga meza zao leo. Kwa wale waliomwita mwongo hatuna shukrani, tunayo nafasi ya kukaa, mbele kabisa.

Lililobaki halimo kwenye karatasi ya familia. Lile sanduku nililinunua mimi mwaka 2004 kwa dereva wa lori, likiwa tupu, nikatia mashini ya gramafoni nyingine na mkono wa ya tatu, nikaifunga kwa visi za redio mbovu, nikatoboa tundu ubavuni ili katika mchezo wetu wa jukwaani gramafoni imrushie anayeigiza bosi unga wa muhogo usoni, watu walicheka miaka mitano, hata Tonton, kisha nikaliziba na kuliuza, na huko sokoni likajipatia babu na historia. Siku ile ya cheti mimi ndiye niliyeongoza sherehe, nimevaa kitambaa cha kamati. Marehemu alichokoa tundu kwa ukucha, ukatoka unga wa muhogo, akauonja, akaniangalia, akapangusa kidole kwenye suruali, akageukia visi, kwa sababu aliulizwa habari za sanduku, hakuulizwa habari za mpwa wake.

Wiki moja kabla hajafa nilikwenda hospitali kumwungamia, akaniinulia mkono: "Baraka, mukono yako niliijua tangu siku ile. Hapa tuko wawili tu, haina faida. Ukaseme kwenye watu iko."

Basi, Tonton, watu wako hapa. Lala kwa amani, hukukosea hata visi moja. Na wewe papa Emile, usihangaike tena kuchungulia jeneza, mwongo wako wa miaka hii minne yuko hapa, ameshika mikrofoni.