Leonard Mkude, Aliyepona Bila Kovu (1952–2003)

Marehemu Leonard Mkude alizaliwa Nyandira, Mgeta, tarehe 14 Machi 1952, kifungua mimba wa Mama Filomena. Alisoma shule ya misheni hadi mwaka 1968. Masika yalipojaza mto, alivuka na mdogo wake Fidelis mgongoni. Fidelis hakuwahi kuingia darasani na miguu iliyolowa.

Mwaka 1972 aliajiriwa kiwandani Morogoro mjini. Tarehe 30 Desemba 1978 alifunga ndoa na Regina, wakaishi Mwembesongo. Kiwanda kilipouzwa mwaka 1996 alipunguzwa kazi, akarudi mlimani kulima kabichi katika shamba la ukoo alilogawiwa na mjomba wake, Mzee Joseph.

Agosti 1998 kidonda cha tumbo kilitoboka. Fidelis alimkimbiza Dar es Salaam, kwenye hospitali ya binafsi. Enzi hizo za soko huria, hospitali za namna hiyo zilikuwa zikiota kama uyoga. Daktari mgeni hakushika kisu. Alimpitishia mdomoni mpira wenye kamera, akalibana tundu kwa vibanio vidogo vya chuma. Fidelis, akiwa amemshika kaka yake mkono, alitazama yote kwenye televisheni. Baadaye alimtania, "Kaka, wamekubana kama shati kwenye kamba!"

Leonard alipona. Aliagizwa tu asibebe mizigo wala kushika jembe kwa muda. Shamba likaota majani, ukoo ukamwona mvivu, kikao kikaitwa.

"Aliyetoboka tumbo hupasuliwa," alisema Mzee Joseph. "Hebu fungua shati, tuone mshono."

Tumbo lilikuwa safi, na vibanio vilishatoka vyenyewe.

"Fidelis, wewe ulikwenda naye. Uliona nini?"

"Mimi nilikaa nje, mjomba."

Shamba akapewa Fidelis. Kikulacho ki nguoni mwako. Leonard alifunga vifungo vya shati, akaaga wazee kwa heshima, akarudi kwa Regina na kulia kama mtoto. Tumbo halikumsumbua tena. Jibu lile lilimuuma mpaka mwisho. Alilima vibarua kwenye mashamba ya watu hadi homa ya mapafu ilipomchukua, tarehe 9 Juni 2003.

Leo anazikwa pembeni mwa shamba lilelile, kwa ruhusa ya mwenye nalo.

Ameacha mjane, Regina. Mabinti wawili, Cecilia na Glory. Mjomba wake, Mzee Joseph. Na mdogo wake Fidelis, aliyeona.

Apumzike kwa amani mbele ya Mungu, asiyehitaji kuoneshwa mshono.