Watoto Watatu wa Mlezi wa Vijana

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Avelina, mtoto wa kwanza wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya baba yetu, Anselmi Mwalongo, nami nitayasoma kama tulivyomjua sisi nyumbani, maana jinsi alivyojulikana Makambako mmeshaimbiwa tangu asubuhi.

Baba alizaliwa kijijini Matembwe tarehe 14 Machi 1968, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia mwaka 1976 hadi 1982, akaendelea na sekondari hapa Njombe hadi mwaka 1986, kisha akasomea kilimo na kupata cheti mwaka 1989. Mwaka 1990 aliajiriwa kuwa bwana shamba, akazunguka vijijini na pikipiki ya serikali, mwaka 1998 akahamia Makambako, na mwaka 2013 akahamishiwa Igwachanya, ndipo tulipojenga hapa Mjimwema.

Tarehe 16 Septemba 1995 alifunga ndoa takatifu na mama yetu Telesia, binti wa wavuvi wa ziwani kule Ludewa, akamwahidi kwamba kila akipata likizo atampeleka kwao akale samaki wabichi, na Mungu akawajalia watoto watatu, mimi mwaka 1996, Yusto mwaka 1999 na Angela mwaka 2004.

Juni ya mwaka 2006 shule za bweni zilifungwa, vijana wa kigango chetu Makambako wakarudi nyumbani wakakosa la kufanya, wakawa wanashinda stendi na kwenye maegesho ya malori, na shule zilipofunguliwa mabinti wawili hawakurudi darasani, kwa kuwa walikuwa wajawazito. Jambo hilo lilimuuma sana baba, akajitolea kuwa mlezi wa vijana, na tangu hapo likizo yake ya mwaka aliichukua mwezi Juni tu, ili wao wakiwa likizo na yeye awe likizo, na hata tulipohamia Mjimwema alifunga begi kila Juni akawahi basi la kurudi Makambako.

Nasema kweli mbele ya jeneza lake, kazi hiyo aliiweza. Asubuhi na ile baridi yetu aliwapeleka kulima viazi vya kigango, mchana wakala walichovuna, alasiri kwaya, mashindano ya Biblia na mpira, mabinti nao wakicheza, na jioni aliwasimulia kisa cha Yusufu au cha Esta akakikatisha pale pazuri, akisema kijana akilala na hamu ya kujua kilichofuata, kesho atakuja mwenyewe bila kuitwa. Sisi wanawe tulipomwomba atumalizie kisa nyumbani, alituambia twende kanisani tukasikie na wenzetu. Mama alikwenda ziwani akiwa na sisi watoto, bila yeye. Banda letu la kuku halina paa hadi leo, na jiko la kambi ya vijana lina paa la bati nene la geji ishirini na nane. Niliona wivu nikiwa na miaka kumi na moja, na wivu huo ninao hapa niliposimama.

Mwezi Februari mwaka huu wa 2025 madaktari waligundua kwamba figo zake zimechoka, wakamtaka apumzike, akapumzika hadi Mei, mwezi Juni akaenda Makambako. Alilazwa hapa Njombe tarehe 21 Julai, na wodini waliruhusu watu wawili wawili, lakini vijana walipanda basi la alfajiri, kwa hiyo sisi tuliofika kwa miguu kutoka nyumbani tuliwakuta wameshatangulia kwenye foleni, na baba akiwaona wao alikaa kitako, akituona sisi alilala. Alfajiri ya Jumatano tarehe 13 Agosti nilikuwa naye peke yangu, akanivuta mkono, nikainama nikijua ananiaga, akaniuliza kama wale vijana waliokuja jana walikula. Nilimjibu walikula. Akafumba macho, na asubuhi hiyo hiyo akafariki.

Marehemu ameacha mjane na watoto watatu. Jana Silvanus, mwenyekiti wa vijana, alikuja kwenye kikao cha familia akaomba nisome kwamba ameacha watoto watatu pamoja na vijana wote wa kigango, na baba mdogo Romanus akakubali, akasema hakuna ubaya. Nimesoma watatu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Mjimwema mliopika na kulala nasi, wafanyakazi wenzake wa Igwachanya, baba paroko, na ninyi vijana wa Makambako mliochimba kaburi hili, sitawanyima shukrani hiyo.

Ila nina ombi. Mwongozaji akiwaita watoto wa marehemu kuweka shada, nawaomba vijana mbaki mmekaa. Najua mlimwita baba, naye aliitika, lakini mtaitwa baada yetu. Kila Juni mlikuwa naye ninyi, hata hospitalini mlitutangulia, basi hapo kaburini tuachieni sisi watatu tusimame naye kidogo, tukiwa wanawe peke yetu.

Pumzika kwa amani, baba yangu, leo huna basi la kuwahi.