Mgeni wa Bima Alikuta Pasafi

JORAM: Haloo, ofisi ya bima Kisumu. Nani anaongea?

DORCA: Ni mama yako, nyathina, mwanangu. Niko kwa kibanda cha simu hapa Ahero.

JORAM: Mama. Oyawore, habari ya asubuhi. Mafuriko—

DORCA: Oyawore ahinya. Maji imepungua. Watoto wazima?

JORAM: Wazima. Mama, sikiliza—

DORCA: Bwana Waliaula, yule mgeni wenu wa bima, alifika salama? Kwangu alikula vizuri. Alimaliza kuku.

JORAM: (anakohoa) Alifika. Anasema hakuona mpunga wowote umeoza.

DORCA: Atauona wapi? Uliposema mgeni anakuja, tuliukata wote tukatupa kwa mfereji. Tukafagia mpaka njiani.

JORAM: Mama.

DORCA: Mtu atoke Kisumu akute uvundo kwangu? Mimi si mtu wa hivyo.

JORAM: Huo uvundo ndio alikuja kuangalia. Ndiyo kazi yake.

(Simu inakwaruza.)

JORAM: Na magunia yaliyojaa sebuleni?

DORCA: Ya Adero, jirani. Chakula cha watoto wake. Aliniazima, mgeni asidhani tunalala njaa.

JORAM: Wewe ni mwenyekiti wa wakulima wa bloku, Mama. Aliangalia kwako tu, akasema mashamba yote ya bloku hayakuharibika. Hakuna malipo.

DORCA: Yote? Hata Adero?

JORAM: Hata Adero. Hata mzee Ouma. Hata mbegu ya kupanda tena hampati.



JORAM: Haloo? Mama, unanisikia?

DORCA: Nasikia. Naona haya, Joram. Naona haya sana.

JORAM: Mimi ndiye wa kuona haya. Nilijua vile unakaribisha watu. Ningekuambia uache shamba ilivyo, lakini... nilitaka Waliaula aone natoka kwa boma safi.

DORCA: Mwambie arudi.

JORAM: Hatarudi mpaka watu wa bloku waje hapa waseme palifagiwa. Na wewe mbele yao. Kesho.

DORCA: Mbele ya wenzako wa ofisi?

JORAM: Mbele yao wote.

DORCA: Basi lazima niwaambie leo. Adero mwenyewe yuko hapa nje ya kioo, amenisindikiza.

JORAM: Mwite—

DORCA: Anacheka. Anauliza kwa mkono kama tumepata.

JORAM: Mama, sarafu inaisha, nasikia ikilia—

DORCA: Nimemwitikia kwa kichwa. Sijui kwa nini. Nimemwambia ndiyo.

JORAM: Fungua mlango, Mama. Mwambie sasa hivi, kabla haja—

(Simu imekatika.)