Kizungu cha Kukaripia

Benchi letu liko ubavuni mwa duka la kinyozi. Mguu mmoja wa benchi ni tofali. Hapo nauza kahawa, na anayekaa bila kununua namkodolea macho mpaka anunue. Siku hiyo nilikuwa na shida. Jana yake binti yangu aliye ng'ambo alinipigia simu analia: "Mama, mwanangu amenishinda. Kesho saa kumi nampa simu, mkaripie wewe." Mjukuu mwenyewe ana miaka kumi na mitano, Kiswahili hajui. Mimi Kizungu sijui. Nikawauliza mabingwa wa benchi.

— Mwambie apandishe soksi zake, akasema Breki, aliyekuwa dereva wa meneja Mzungu miaka ishirini. Ndivyo alivyonisema kila nikichelewa. Maana yake, jirekebishe.

— Ulikuwa na soksi wewe?

— Nilikuwa na ndala.

Chumvi, aliyepika kwenye nyumba za wakubwa, akaguna.

— Hiyo nyepesi. Mimi madamu aliniambia nimesimama juu ya barafu nyembamba. Nikivunja sahani nyingine, nazama.

— Soksi, barafu. Mnaona? akasema Breki. Makaripio yao yote ni ya baridi. Mtoto hana kosa, kapigwa na baridi huyo. Bibi, mtumie blanketi.

— Haba na haba hujaza kibaba, akaunga Chumvi.

— Methali hiyo imepotea njia, nikamwambia. Nipeni maneno, saa kumi hiyo inaingia.

Wakanifundisha, kila mmoja kwa sauti ya bosi wake. Chumvi hata pua aliibana. Nikarudia soksi, nikarudia barafu, ulimi unagoma.

Mama mmoja, mpangaji aliyehamia mtaani juzi tu, alikuwa anakunywa kahawa yake. Akauliza:

— Kwani mtoto amefanya nini?

Binti yangu hakusema, nami sikuuliza.

— Basi muulize mwenyewe ana nini.

Nikawageukia mabingwa.

— Haya. "Una nini, mjukuu wangu?" Kizungu chake?

Breki akatazama ndala zake. Chumvi akasema kuomba radhi anajua, kusema chakula tayari anajua, hilo hapana. Miaka yote ile kwenye kazi za watu, hakuna aliyewahi kuwauliza.

Simu ikaita. Nikapokea. Nikamsikia mtoto anapumua. Sikuwa na neno la kumpa.

Naye hakukata.