Daftari Lililosomwa kwa Jina la Mwingine

Sogezeni viti karibu, wanangu, sauti yangu siku hizi haifiki mbali, na wewe kifungua mimba wangu uliyeegemea mlango kama mgeni anayesubiri kukaribishwa, njoo ukae hapa miguuni, maana sehemu kubwa ya maneno haya ni yako. Dada yako akae upande wa dirisha. Mkwe wangu, mkalishe mjukuu karibu nawe. Nisikilizeni mpaka mwisho, msinikatize, pumzi niliyobaki nayo nimeipima kama kitambaa cha mteja na hakuna ziada.

Mnanijua kama mshonaji wa sare za shule. Miaka arobaini na mitatu nimepima mabega ya watoto wa mji huu, nimewaachia pindo refu kwa sababu mtoto hukua na nguo haikui, na mmekula na kusoma kwa kazi hiyo. Sikuwahi kuwaambia kwamba mimi sikutaka kuwashonea wale watoto. Nilitaka kuwafundisha.

Nilikuwa kidato cha pili. Mwalimu wetu wa hisabati, kijana mrefu tuliyemwita Mlingoti, aliuliza darasani nani anataka ualimu, na mikono miwili ikainuka: wangu na wa shoga yangu tuliyekaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza, tukivaa viatu vya kuazimana. Mlingoti akatuita baada ya kipindi. Akasema, "Ualimu hausubiri mpaka matokeo yatoke. Ngozi ivute ingali mbichi. Chagueni sasa masomo mtakayofundisha, tafuteni darasa la kujaribia, na kila mnachofanya kiandikeni, maana chuo kitauliza."

Nilimshika neno. Nilichagua hisabati na jiografia. Nikaenda shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya ghala la nafaka, nikamwomba mwalimu wa darasa la nne aniachie saa moja kila Jumamosi kwa wale watoto waliobaki nyuma. Akanicheka, akaniachia. Siku ya kwanza chaki ilinikatikia mkononi mara tatu, na msichana mmoja wa mbele akaniuliza, "Dada, unaumwa?" Lakini nilirudi. Niliandika kila somo kwenye daftari: nililopanga, lililonishinda, swali ambalo mtoto aliuliza nikakosa jibu. Somo la kugawanya nililifundisha mara nne mpaka nikapata njia ya maharage, kila mtoto na rundo lake juu ya dawati. Masomo thelathini tofauti kwa miaka miwili. Mlingoti aliyasoma yote, akayasahihisha kwa kalamu nyekundu. Shoga yangu alikuja Jumamosi nne tu, mbili kati ya hizo alisinzia dawati la nyuma.

Kidato cha nne, muhula wa mwisho, chuo cha ualimu kikatangaza nafasi. Wakataka barua ya shule na ushahidi wa kazi uliyojaribu. Shoga yangu akaniambia, "Niazime daftari lako nione ulivyopanga, nami nipange langu. Jumatatu nakurudishia." Nikampa. Ningemnyimaje mtu niliyemega naye kila mkate? Jumatatu akasema amelisahau. Jumatano akaja analia, eti paa lao limevuja, daftari limelowa lote, wino umekuwa matope. Tukalia pamoja, wanangu. Nilimkumbatia mimi, nikambembeleza mimi, nikamwambia asijilaumu.

Nikakaa siku tisa nikiandika upya kutoka kichwani. Hata yule msichana aliyeniuliza kama naumwa nilimwandika.

Siku ya usaili tulikuwa chumba kirefu chenye meza moja na watu watatu nyuma yake. Mama aliyekaa katikati akaweka madaftari mawili mbele yangu. Moja langu. La pili lilikuwa na mwandiko wa shoga yangu, lililetwa wiki mbili kabla, na ndani yake kulikuwa na masomo yangu thelathini, maharage yangu, watoto wangu. Yule mama akaniambia, "Binti, hata mtu akinakili, huacha angalau makosa ya mwenzake. Wewe umenakili mpaka makosa."

Nikasema ni langu. Nikasema kamuulizeni mwalimu wangu, yupo hapo nje, ndiye aliyetuleta. Wakamwita. Aliingia Mlingoti, na moyo wangu ukatulia, nikajua yamekwisha. Wakamuuliza, "Mwalimu, kazi hii ni ya nani?" Akayatazama madaftari, akatazama viatu vyake. Akasema, "Wote ni wanafunzi wangu. Siwezi kusema."

Hakuniangalia. Nilimwita jina lake mbele ya watu wale, mara mbili, na hakuinua uso. Nikawasihi wamtafute mwalimu wa darasa la nne, yule mama akafunga daftari langu akasema, "Kama wako mwenyewe hawezi kusema, tumtafute mwingine wa nini?" Wakaandika kando ya jina langu neno moja, mdanganyifu, na kwa neno hilo kila chuo nilichoomba baadaye kilinifungia mlango. Jibu la kwa nini Mlingoti alinyamaza nililipata wiki sita baadaye, alipomuoa dada wa shoga yangu.

Kikulacho ki nguoni mwako. Baba yangu akanipeleka kwa fundi cherehani, mengine mnayajua. Wazee husema njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu ilikuwa ndefu, imesawazishwa, na pembeni imepandwa maua: akawa mwalimu, akawa mwalimu mkuu, na watoto wake wote sare nimewashonea mimi. Naam, ni yule mnayemwita Mama Mkuu, mnayempisha njia sokoni.

Alikuja mara moja tu peke yake, kushonesha suti ya kuagia kazi. Amenyoosha mikono, mimi na futi yangu kifuani mwake, akasema, "Shoga, maisha yametutendea wema sote wawili." Nikamuuliza, "Lile daftari, lililowa kweli?" Nikashusha futi mpaka kiunoni. Akasema, "Tulikuwa watoto." Nikamwambia, "Wewe ulikuwa mtoto. Mimi nilikuwa mwalimu." Nikaandika kipimo, nikamaliza kazi, suti ikamkaa vizuri kuliko zote alizowahi kuvaa. Sikuwa na namna nyingine ya kumtukana.

Nipeni maji kidogo. Basi, yanatosha.

Sasa wewe, kifungua mimba. Nilidhani usaliti nimeshaumaliza, kama mtu aliyeugua surua. Mwezi uliopita mwalimu wa darasa wa mjukuu wangu alikuja kupunguziwa blauzi, akaniambia, "Pole bibi, nimesikia mjukuu ameachana na ualimu." Nikauliza kwa mshangao. Akasema baba yake alikwenda shuleni mwenyewe, akabadili fomu ya masomo, akafuta hisabati na jiografia, akasaini kwamba mtoto ameridhia. Na mtoto huyu, amekaa hapa, hakujua lolote! Wiki hiyohiyo alikuwa kibarazani kwangu anawafundisha watoto wa jirani kugawanya. Na Jumapili yake ulikuja, ukala mezani kwangu, ukaniuliza, "Mama, unaendeleaje?" ukamuuliza na yeye masomo yanakwendaje, huku unajua ulichofanya.

Nyamaza. Najua utasema mwalimu hafi tajiri, utasema ulikuwa unamwokoa. Ungemwambia usoni mkabishana, ningekuita mzazi. Ulimzunguka. Niliumia siku ile kuliko siku ya usaili, maana wale hawakunyonya kwangu.

Lakini kosa langu nalikubali. Nilinyamaza miaka yote hii, sikukuonyesha kidonda, ningekutegemeaje ukikwepe? Kwa hiyo wewe nimekusamehe, tena mbele ya hawa. Na ujue fomu imesharudishwa ilivyokuwa. Mkeo na mtoto walikwenda Jumatatu, niliwatuma mimi, na ole wako umfokee.

Nyumba hii isiuzwe wala kupangishwa mpaka huyu mtoto amalize chuo. Chumba cha mbele ni chake cha kusomea. Akishamaliza, gawaneni sawa, bila kuitana mashahidi. Cherehani zote mbili ni za binti yangu, ambaye jasho lake limo ndani yake. Wewe kifungua mimba nakuachia kazi: kila Jumamosi umpeleke mwanao kwenye shule atakayojifunzia, na siku ya kwanza ukae dawati la nyuma, umsikilize mpaka mwisho. Usisinzie.

Mjukuu wangu, wewe panga tangu sasa. Mchague mtoto mmoja asiyeelewa, ukae naye mpaka aelewe, hapo utajua kama kazi ni yako. Andika yote, na kila ukurasa mwalimu wako autie saini na tarehe, halafu nakala moja mpe shangazi yako. Mpende rafiki yako kwa moyo wote, mwanangu… ila nakala, weka.

Niinueni mto… hapo.

Nikizikwa, Mama Mkuu atakuja. Mpeni kiti kizuri, mpeni chai. Anajua kusema mbele za watu, mtamwomba asome habari za maisha yangu, naye atakubali. Msimpe. Habari zangu asizisome kwa kinywa chake… mara moja imetosha. Asome huyu mtoto. Na watu wakija kuwaambia kwamba bibi alikufa amesamehe wote, msiitikie. Yeye sijamsamehe. Nilijaribu… haikutoka. Mungu atanihukumu kwa hilo, mimi na yeye pamoja, na safari hii… kutakuwa na shahidi.

Leteni mikono. Wote. Kifungua mimba, na wako… leta. Mungu awape wenzenu wa kweli. Awape ulimi… pale penye kusema. Mkikosana, mkosane uso kwa uso… Nimewabariki. Wewe, mjukuu wangu… nimekubariki mara mbili…

Fungueni dirisha. Watoto wanatoka shule… waacheni wapige kelele.