Msitu Chini ya Reli

Muuguzi aliyetoka zamu alikuwa akisinzia ndani ya treni, na mazungumzo ya wawili walioketi mbele yake yakamwingia kama ndoto.

"Makaa hayo ya mawe, ya kahawia, yalimla kaka yangu mapafu hadi akafa," alisema mchimbaji mstaafu. "Leo unaniambia yatatulisha?"

"Hatuyachomi tena, mzee wangu," mtafiti wa kike alimjibu taratibu. "Tunayasaga, tunayatia shambani, udongo mkavu unashika maji. Zamani yalikuwa msitu."

Muuguzi, macho kayafumba, aliuona msitu ule chini ya reli, umelala na ndege wake.

"Basi mngeuacha ulale, mwanangu."

"Na wenye njaa, je?"

Treni ikasimama. Mzee alishuka. Muuguzi akabaki kitini, bado akiutazama msitu ule, ingawa kituo hicho kilikuwa chake pia.