Nzioka na Mbinya Wamekwenda Kuona Kiboko

Kando ya barabara ya Mombasa, pale Kibwezi, mbele ya kibanda cha chai cha Mbinya, kuna benchi ambalo wazee watatu wamelikalia mpaka ubao ukapinda kwa umbo lao. Kwa majina ya utani, Waziri ni Muli, karani mstaafu asiyevua koti hata jua likiwaka. Spana ni Kilonzo, fundi wa baiskeli. Debe ni Mathenge, mwuza mahindi aliyehamia kutoka Nyeri siku nyingi. Jumamosi hiyo walikuta birika mkononi mwa Ndinda, binti ya Mbinya, aliyerudishwa nyumbani kwa sababu chuo kikuu kilikuwa kimefungwa tena, na kila Ijumaa, kwa amri ya serikali kwa wanafunzi wote, alipaswa kuripoti kwa chifu kama mwizi wa mbuzi. Mamake hakuwepo. Alfajiri yeye na mumewe, Nzioka, walipanda lori la mboga linalopeleka vitu hoteli moja ndani ya Tsavo, washinde kwenye chemchemi za Mzima wakiangalia viboko, warudi jioni. Wawili tu. Hakuna mgonjwa, hakuna mazishi, hakuna mkutano wa kanisa.

Ndinda aliwajua wazee hawa. Babake aliwahi kupita hapa akimchotea mkewe maji kwa baiskeli, wakamuuliza kama siku hizi anasuka nywele pia. Hakuchota tena. Leo akishuka kwenye lori akute kicheko, safari hii itakuwa ya kwanza na ya mwisho.

— Miaka ishirini na sita mtu ameoa, — alianza Spana, — hajampeleka bibi hata Machakos. Leo, Tsavo! Hapo kuna jambo.

— Kuna bibi wa pili, — alisema Debe. — Ukitaka kuleta wa pili, wa kwanza unamlainisha. Wengine wananunua kitenge. Nzioka amepita kipimo, analainisha na kiboko.

— Hoja ya nidhamu! — Ndinda alitua birika kwa kishindo. — Mzee Debe, huyo bibi wa pili anaitwa nani? Anatoka wapi?

— Akijulikana jina, si siri tena.

— Basi umehukumu bila shahidi. Hoja imetupwa.

— Ndiyo maana huko walifunga chuo, — alisema Spana, na benchi zima likatikisika kwa kicheko.

Waziri alikohoa, kama anavyokohoa kila mara kabla ya neno la serikali.

— Mnazunguka bure. Mwaka jana ndovu waliingia shamba la nani? La Nzioka. Walimaliza mahindi, wakala na mbaazi. Akaandika ripoti, Kiingereza nikamsaidia mimi mwenyewe. Sasa ameenda kumtambua mhalifu.

— Atamtambua vipi, — aliuliza Debe, — na ndovu wote ni sura moja?

— Huyo alikuwa na sikio limechanika. Iko kwa ripoti.

— Na mamangu ameenda kufanya nini? — aliuliza Ndinda.

— Shahidi namba mbili.

Spana alitikisa kichwa kwa huruma, kama anayeona baiskeli iliyofungwa mnyororo kinyume.

— Waziri, kushtaki ndovu ni hasara. Nzioka anataka kumwandika kazi. Ng'ombe wake wa plau si walikufa na ukame? Atachukua kadogo, akalee, mvua ikinyesha kalime. Bibi ameenda kuangalia kama kanakubali chupa.

— Na plau itafungwa wapi? — aliuliza Waziri.

— Nitaichomelea mimi.

Ndinda alikaribia kucheka, akakasirika zaidi kwa sababu hiyo.

— Nawauliza, wazee wangu. Watalii wanapita hapa kila siku, mume na mke, kamera shingoni. Mmewahi kusema yule Mjerumani analainisha mtu? Mmewahi kumuuliza nani alikula mahindi yake? Mnasema ametoka kutembea, basi. Mkamba akitoka kutembea na bibi yake, ni kesi! Kwa nini?

— Mzungu hana kazi, — alisema Debe.

— Na mamangu ako na kazi miaka tisa, hapa mbele yenu! Mnamjua hata kidogo?

— Ati tunamjua? — Waziri aliudhika kweli. — Msichana, Mbinya ni wetu. Tunamjua kuliko wewe uliyeshinda Nairobi.

Hapo akatokea Waithera, fundi wa cherehani aliyehamia chumba cha jirani wiki hiyo, futi ya kupimia nguo ikiwa bado shingoni.

— Hamjambo, wazee. Mama anarudi saa ngapi?

— Lori hufika saa kumi na moja, — alisema Ndinda.

— Basi wako karibu, na vumbi limewakausha. Nipe kikombe nimwekee chai. Yeye hutia sukari vijiko vingapi?

Wazee walitazamana.

— Viwili, — alisema Debe.

— Vitatu, — alisema Spana. — Ama... si yeye hunywa strungi, ile bila maziwa?

Waziri alikohoa, akafunga kifungo cha koti. Wote wakamgeukia Ndinda. Yeye, aliyewaangusha wanaume wa kitivo cha sheria kwenye mdahalo ukumbi ukijaa, alifungua mdomo. Aliona mikono ya mamake ikimimina, ikifuta, ikimimina tena. Kikombe cha mamake hakukiona.

Lori lilisimama. Nzioka aliruka chini, akageuka, akampa Mbinya mkono ashuke. Ndipo alipoona macho yote ya benchi yako kwake. Tabasamu likamtoka. Vidole vyake vikaanza kuuachia mkono wa mkewe.

— Karibuni, baba, — alisema Waithera. — Mama hutia sukari vijiko vingapi?

Nzioka alilitazama benchi, mtu mmoja baada ya mwingine. Kisha akaushika mkono ule tena, vizuri.

— Huyu hanywi chai, — alisema. — Inamchoma kifua tangu azae huyu Ndinda. Mpe maji ya moto, na ndimu ikiwako.

Hakuna aliyecheka. Spana alivua kofia, akakosa pa kuiweka.

— Na kiboko, Mama Ndinda? — aliuliza Debe kwa sauti ndogo. — Akoje?

Mbinya, mwekundu kwa vumbi mpaka kwenye kope, alikuwa anacheka.

— Sogeeni kwanza nikae.